Mwenye Nyumba na Mgeni Apitaye

Neno kodi katika Kiswahili limebeba maana mbili. Ni fedha ambayo mtawala huichukua kwa raia, na ni fedha ambayo mwenye nyumba huichukua kwa mpangaji. Katika nchi ya Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma ambamo miji ya Kasulu na Kibondo imo, maana ya kwanza iliitangulia ya pili kwa muda mrefu. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza walipoishika nchi hawakuiacha desturi hiyo. Buha ilikuwa mbali na pwani, wala haikuwa na zao kubwa la kuuza. Basi wanaume wengi waliacha wake zao na migomba yao, wakaenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, ili wapate fedha ya kulipia vibanda walivyovijenga kwa mikono yao wenyewe. Nyumba ya Muha ilimdai mwenyewe kabla haijampa hata senti moja. Leo wajukuu wa watu hao hufyatua matofali, huyachoma, hupandisha kuta, huezeka mabati, kisha hungoja nyumba iwalipe. Si haki kuwaonea wivu. Lakini ni haki kuwauliza swali ambalo babu zao wangeliuliza kama mtoza kodi angelikuwa mtu wa kuulizwa maswali: je, kinacholipwa hapa ni nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba kinacholipwa ni nyumba. Walakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu nyumba ile ile, yenye kuta zile zile na bati lile lile, hulipwa kiasi hiki mwaka huu na mara tatu ya kiasi hicho mwaka ujao, bila mwenyewe kuongeza hata msumari. Kilichozidi si nyumba, ni haja ya wanaoitafuta. Hapana budi, basi, kuzitenga sehemu mbili katika kodi. Sehemu moja ni malipo ya kumpa mtu pa kulala: ardhi, matofali, mabati, kazi ya fundi, na uangalizi wa kila mwaka. Sehemu ya pili ni malipo ya ukweli kwamba mtu yule hana pengine pa kulala. Sehemu ya kwanza ni jasho. Sehemu ya pili ni bahati ya mmoja iliyosimama juu ya dhiki ya mwingine, na ndiyo yenye kesi.

Tanzania iliwahi kuihukumu kesi hiyo kwa ukali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, likaliweka jambo hilo katika fungu moja na kumiliki hisa katika makampuni. Mwaka 1971 majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, ambayo wenyewe hawakuyakalia, yalitwaliwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1991, katika maamuzi yaliyoitwa na watu Azimio la Zanzibar, chama kililegeza mashart yale, na mwaka 2005 sheria iliyodhibiti kodi za nyumba nayo ikafutwa. Tangu hapo kodi imeachwa iwe mapatano ya watu wawili. Inaweza kusemwa kwamba hukumu ya 1967 ilikuwa nzito mno kwa mtu wa Kibondo. Mjane mwenye vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, ambavyo viwili amevipangisha ili watoto wasome, hafanani na bepari yeyote aliyetajwa katika vitabu. Lakini sheria kuondolewa hakukuondoa swali. Zamani Serikali ndiyo iliyokuwa ikimjibia mwenye nyumba, na sasa hana budi kujijibu mwenyewe, peke yake, siku mpangaji anapogonga mlango.

Katika Buha swali hili lina uzito ambao haupo mahali pengi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, watu wengi walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 walifuata Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Nyuma ya wakimbizi walikuja wasaidizi wao: Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, Shirika la Chakula, na mashirika mengine mengi yenye magari meupe, madereva, wahasibu, waganga na wahandisi. Hao wote walitaka nyumba, wakazitaka upesi, na fedha walikuwa nazo. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, ikadhaniwa kwamba zama zile zimepita. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya, na mwanzoni mwa 2016 Mtendeli nayo ikapokea watu, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo. Mwaka 2017 Warundi wakaanza kurejeshwa kwao kwa hiari, na mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa. Mawimbi haya huja na kurudi, na kila wimbi hupandisha kodi likija na huacha vyumba vitupu likirudi.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo ni nadra kutajwa. Mkimbizi, ambaye ndiye sababu ya kodi kupanda, hapangi nyumba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka akae katika eneo alilotengewa, na kutoka bila kibali ni kosa. Nyumba yake ni turubai, au udongo alioukanda mwenyewe ndani ya uzio. Kwa hiyo senti iliyoongezeka katika kodi ya Kibondo mjini ilitokana na mtu aliyekimbia nyumba yake, ikalipwa na mtu aliyekuja kumsaidia, ikapokewa na mtu ambaye hakumfukuza wala hakumsaidia. Mwenye nyumba si mwovu kwa ajili hiyo. Hakuvianzisha vita vya Burundi. Lakini akijua fedha yake imetoka wapi huenda asiuite werevu wake peke yake kuwa ndio uliomtajirisha.

Ni vema sasa kushuka katika hesabu, kwa maana watu wengi hujenga kabla ya kuhesabu. Na achukuliwe mtu wa kufikirika tu, aliyejenga nyumba ya vyumba sita kwa shilingi 15,000,000. Kila chumba anakipangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima atapokea shilingi 2,160,000. Lakini vyumba havijai mwaka mzima: mpangaji mmoja huhama, mwingine huhamishwa na mwajiri wake. Ikiwa kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja tu, zitabaki 1,980,000. Kodi ya mapato ya asilimia 10 itachukua 198,000. Bati, rangi, vitasa na choo havitakula chini ya 300,000 kwa mwaka. Kodi ya jengo ni 18,000. Mwisho wa yote atashika shilingi 1,464,000, na itamchukua miaka zaidi ya kumi kuziona tena zile milioni kumi na tano. Mtu akiambiwa kwamba nyumba za kupangisha ni mali isiyo na kazi, aulize kwanza kama msemaji amewahi kuhesabu hivi.

Sasa aje mgeni. Shirika linataka nyumba nzima kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, ila litataka tangi la maji, ukuta, choo cha ndani na chumba cha mlinzi. Mwenye nyumba akitumia milioni sita kwa hayo, jumla ya fedha yake katika nyumba ni milioni ishirini na moja. Kwa mwaka atapokea milioni sita, asilimia 10 itolewe, zibaki 5,400,000. Katika miaka minne, hata kabla haijatimia, fedha yote imerudi. Ni upumbavu kujifanya kwamba hesabu hii haina nguvu. Wengine wanaohubiri kiasi na kinaa huificha, kana kwamba haki ikishindanishwa na faida mahali peupe itaona haya. Haki haihitaji kufichiwa hesabu.

Lakini hesabu hiyo ina neno moja la siri, nalo ni miaka minne. Mtendeli haikufikisha miaka sita. Aliyekuwa na nyumba tayari mwaka 2016 angeweza kupata faida yake yote na ziada. Aliyemtazama huyo akamwiga, akakopa mwaka wa pili, akamaliza kujenga mwaka wa tatu, alimkuta mgeni anafunga virago. Deni halifungi virago. Na mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, mashirika ya misaada katika nchi nyingi yalipunguza watumishi kwa ghafula, na mwenye nyumba ambaye hakuwahi kusikia lolote kuhusu bajeti ya Washington akatambua kwamba kwa miaka mingi Washington ndiko kulikokuwa kukimlipa. Mjenzi wa barabara naye ni mgeni wa namna ile ile. Kampuni za lami zilizoifungua njia ya Kakonko, Kibondo na Kasulu zilipangisha nyumba na kuinua bei, lakini barabara ina mwisho, na ikiisha mpangaji huondoka juu yake. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba asijenge kwa kipimo cha mgeni. Ajenge kwa kipimo cha mwalimu, muuguzi, karani wa benki, mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu cha Kasulu, na mfanyabiashara wa maharage. Mgeni akija, na ampokee. Nyumba ya mwalimu inaweza kumfaa mgeni ikiongezwa tangi. Nyumba ya mgeni, yenye ukuta mrefu na sebule ya kuchezea mpira, haimfai mwalimu hata ikipunguzwa kodi, kwa maana hana cha kuweka katika sebule ile.

Kujenga kwa ajili ya mgeni si kosa la kimaadili. Huenda likawa kosa la hesabu tu. Kosa la kimaadili huanzia pengine: pale ambapo katika nyumba mna mtu tayari. Mwalimu amekaa miaka mitatu. Watoto wake wanasoma hapo jirani, mkewe amepanda mboga uani, deni dukani analijua muuza duka na si mtu mwingine. Dereva wa gari jeupe anasimama, anatazama, anauliza bei. Jioni mwenye nyumba anamwita mwalimu na kumwambia kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ni mara tatu, au ahame. Katika karatasi hakuna aliyevunja kitu, ikiwa muda wa mkataba umekwisha na notisi imetolewa. Mwenye nyumba atasema nyumba ni yangu, na ni kweli. Atasema pia kwamba watoto wake nao wana haja ya ada, na hilo ni kweli pia. Mwalimu hana hoja ya umiliki. Ana hoja gani, basi?

Hoja yake ni hii: katika miaka ile mitatu ambayo hapakuwa na gari jeupe, yeye ndiye aliyekijaza chumba. Hesabu ya mwenye nyumba iliposimama juu ya mtu wa kukaa daima, ilisimama juu yake. Kama angalihama kila alipoona chumba cha bei nafuu kidogo, mwenye nyumba angalimwita kigeugeu. Uaminifu wa mpangaji ni sehemu ya mali ya nyumba, ingawa hauandikwi katika hati ya kiwanja, na mtu akiuuza uaminifu huo kwa mtu wa tatu ameuza kitu ambacho nusu yake si chake. Wazee waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa wakiionya tamaa, lakini ndani ya maneno yao mna haki pia, kwa kuwa mbacha umelaliwa usiku mwingi. Haki hiyo haimfungi mwenye nyumba milele. Inamtaka ampe mwalimu muda unaolingana na mizizi aliyoiota. Mwezi mmoja unamtosha mtu wa begi moja, na kwa mwenye watoto shuleni ni mpaka muhula uishe. Kodi ikipanda, ipande kwa kadiri gharama zilivyopanda. Mwenye nyumba atapoteza fedha kwa kufanya hivyo. Pengine atapoteza nyingi, na gari jeupe halitarudi. Hakuna hila ya maneno inayoweza kuigeuza hasara hiyo kuwa faida, na asiyekubali kuipata asijidanganye kwamba suala lilikuwa la sheria.

Liko jambo jingine ambalo wenye nyumba wengi hawalioni kwa sababu limezoeleka. Ni kodi ya mbele. Mpangaji huombwa miezi sita, au mwaka mzima, kabla hajaingiza kitanda. Mwalimu mgeni aliyepangiwa shule ya Kibondo kutoka mkoa wa mbali, ambaye mshahara wake wa kwanza haujaonekana, hukopa ili apate pa kulala, na dalali naye humngoja mlangoni na haki yake ya mwezi mmoja. Fedha ile humalizia bati la chumba cha pili au lenta ya nyumba nyingine. Si vibaya, nyumba nyingi za Buha zimeezekwa hivyo. Lakini tendo hilo na liitwe kwa jina lake. Aliyepokea kodi ya miezi sita ambayo haijafika amekopa. Kwa miezi hiyo yeye ndiye mdaiwa na mpangaji ndiye mdai, ingawa mmoja anaitwa mwenye nyumba na mwingine humwamkia kwa unyenyekevu. Akimtoa mpangaji katika mwezi wa nne ili ampokee mwenye fedha zaidi, bila kumrudishia sehemu ya miezi miwili, hakukatisha upangaji tu, amedhulumu deni. Jambo la busara ni kutotumia zaidi ya nusu ya kodi ya mbele, na jambo jema zaidi ni kupokea miezi mitatu kwa mtu ambaye mshahara wake unajulikana. Mkopo mdogo huwa rahisi kuulipa.

Umeme umeleta kesi zake. Gridi ya Taifa ilifika Kigoma mwaka 2022, na ngurumo za mitambo ya dizeli zikapungua katika miji hii. Lakini katika nyumba ya vyumba sita mita ni moja. Mmoja ana taa tu, wa pili ana pasi na jokofu, wa tatu husafiri wiki mbili kila mwezi, na wote huchangishwa sawa. Ugomvi wa uani, nusu yake ni wa LUKU. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Serikali ilipoulizwa ilieleza kwamba wawili hao wapatane, mpangaji akate katika kodi ya pango. Wangapi hukata? Mpangaji huona aibu kudai shilingi elfu moja na mia tano, na mwenye nyumba hukaa kimya kama mtu aliyesahau. Ni fedha ya kununulia sabuni. Lakini mtu anayenyamaza juu ya kidogo ambacho anajua si chake amekwisha jionyesha atakavyokuwa siku ya gari jeupe. Dawa si ngumu: mita ndogo ya kuhesabia kwa kila chumba, na mstari mmoja katika mkataba unaosema kodi ya jengo ni juu ya nani.

Juu ya matengenezo yatosha kusema machache. Mvua za Buha huanza mwezi wa Oktoba na huendelea mpaka Mei, na bati lililotoboka mwezi wa Septemba ni bati moja, ila mwezi wa Januari ni dari, godoro na daftari za watoto. Choo cha shimo kinachofurika ni hatari kwa wote, wenye nyumba kwa wapangaji. Asiyeweza kutenga sehemu ya kodi kwa ajili ya ufa hajawa tayari kupangisha.

Haifai hata hivyo kumfanya kila mpangaji kuwa malaika. Wapo wahamao usiku wakiwa na deni la miezi mitano, wapo wang'oao soketi ukutani, na wapo waingizao watu wanane katika chumba walichokipanga wawili. Mjane mwenye vyumba vitatu akipata mpangaji wa namna hiyo hana nguvu ya kumshitaki, na nauli ya kufuata kesi yaweza kuzidi deni lenyewe. Ndiyo maana mkataba wa maandishi, uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, ni wema kwa pande zote mbili. Watu wa mijini humu huona haya kuandikiana na mtu wanayefahamiana, wakidhani karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Karatasi huandikwa siku ya furaha ili isomwe siku ya hasira, na siku ya hasira hakuna anayekumbuka sawasawa alichoahidi. Iandikwe kodi, siku ya kulipa, muda wa notisi, nani ananunua kitasa kikivunjika. Kodi na itajwe kwa shilingi. Zamani mashirika mengine yalilipa kwa dola, na wenye nyumba wakajifunza kutaja bei kwa dola hata kwa Waha wenzao, lakini kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni nchini.

Wimbi linaporudi, nyumba kubwa hubaki na ukuta wake, tangi lake, na kibanda cha mlinzi kisicho na mlinzi. Mwenyewe huzunguka vyumbani akihesabu upya. Halafu huita fundi, huigawa ile sebule kwa ukuta wa tofali moja, hutoboa mlango wa pili kuelekea uani, na hutuma habari chuoni kwamba kuna vyumba. Wanafunzi wawili huja na magodoro vichwani kuuliza bei. Yule mwalimu naye, aliyehamia upande wa pili wa mji, hupita njia hiyo kila asubuhi akienda shuleni, na wawili hao huamkiana.